Wastani Hauchagui Nchi ya Kuzeekea

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya kuhifadhi nakala za data, na wawili watatu mmeniandikia kunikumbusha. Itakuja. Leo kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi na sharti nilitoe kwanza.

Mjomba wangu ameishi Uingereza tangu 1991. Ni muuguzi. Mkewe, ambaye sisi wote tunamwita Anti, ni muuguzi pia, Mfilipino, na walikutana wodini. Mjomba amebakiza miezi michache tu afikie umri wa pensheni, na wamekata shauri hawatazeekea kwenye baridi ile. Swali ni waende wapi. Basi akaniletea lahajedwali kwa barua pepe: nchi kumi na mbili kwenda chini, safu kumi kwenda kulia. Hali ya hewa, kodi ya nyumba, chakula, hospitali, usalama, viza, ushuru, lugha, intaneti, burudani. Kila safu ina alama kumi, jumla mia. Namba kazitoa kwenye zile tovuti ambazo kila mwaka hutangaza "nchi bora za kustaafia". Ureno imepata 84. Malaysia 82. Thailand 80. Ufilipino, alikozaliwa mkewe, 61. Kenya, alikozaliwa yeye, 57.

"Mpwa wangu," akaandika, "wewe ni mtu wa tarakilishi. Nitengenezee kijiprogramu niweze kubadilisha uzito wa kila safu nione nani anashinda."

Ni kazi ya dakika ishirini hiyo. Nimekataa kuifanya, na nataka niwaeleze kwa nini, maana naona hata hapa Nairobi watu wa rika langu wameanza kutumiana orodha hizo hizo kama vile ni matokeo ya mtihani wa taifa.

Ubovu wake mtu yeyote aliyewahi kuandika msimbo anaujua. Ukienda kutoa pesa za M-Pesa na namba yako ya siri ukapatia tarakimu tatu ukakosea moja, hupewi robo tatu ya pesa zako. Hupewi kitu. Namba ya siri haina alama, ina ndiyo au hapana. Sasa viza nayo ni hivyo hivyo. Haki ya kutibiwa ni hivyo hivyo. Lakini orodha hizi huchukua viza, zikaipa alama 7, zikaijumlisha na ufuo wa bahari wenye alama 10, na jumla ikapendeza. Ufuo wa bahari haumrudishi mtu aliyekataliwa uwanja wa ndege, jamani! Yaliyo lango yasipimwe kama vile ni ladha. Kwanza unauliza nitapita au sitapita, na ukishapita ndipo uzungumzie bei ya samaki.

Na kuna lango moja ambalo katika safu zake zote kumi halikuwamo, ilhali kwa Mjomba ndilo kubwa kuliko yote.

Pensheni ya serikali ya Uingereza hupandishwa kila mwaka kwa aliye nchini humo. Tangu 2011 pensheni ya msingi hufuata kilicho kikubwa kati ya mfumuko wa bei, ongezeko la mishahara, au asilimia 2.5. Ukihamia nchi za Umoja wa Ulaya nyongeza inakufuata. Ukihamia Marekani, Mauritius, Jamaika, au Ufilipino, inakufuata pia. Ukihamia Kenya, haikufuati. Thailand na Malaysia vilevile. Unaendelea kupokea kiasi kile kile ulichoanza nacho mpaka unaingia kaburini. Hili si jambo la senti. Pensheni kamili ya msingi ilikuwa pauni 97.65 kwa wiki mwaka wa fedha 2010/11; kufikia 2025/26 ilikuwa pauni 176.45. Kwa hiyo mzee aliyestaafu akarudi Machakos mwaka 2010, na mwenzake wa dawati moja aliyekwenda Cebu, walichangia sawa, na leo hawapokei sawa. Tofauti yao haitokani na kazi waliyofanya. Inatokana na mikataba ambayo serikali zilitiliana saini miaka mingi iliyopita, na ambayo Kenya haimo. Wastaafu walioathirika ni zaidi ya 400,000 duniani, na walipopeleka kesi yao Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu walishindwa, mwaka 2010. Kwa hiyo usikae ukingoja jaji akuokoe.

Niambieni, orodha ipi ya "nchi bora" imewahi kuonyesha hilo? Haiwezi, kwa sababu hilo haliko ndani ya nchi. Liko kati ya nchi unayoondoka, nchi unayokwenda, na karatasi ulizo nazo mkononi. Namba moja kwa nchi nzima haina pa kuliweka. Anayesema "Kenya 57" hana budi kueleza: 57 kwa nani?

Nchi hubadilisha sheria kama sisi tunavyotoa matoleo mapya ya programu, ila wao hawalazimiki kuhakikisha toleo la zamani linaendelea kufanya kazi. Malaysia ilianzisha mpango wake wa makazi ya wageni 2002, watu wakaupenda, ukapanda kileleni mwa orodha. Kipimo kilikuwa mapato ya ringgit 10,000 kwa mwezi. Mwaka 2021 kikapandishwa hadi 40,000. Mara nne kwa mpigo mmoja, na baadaye yakaja madaraja mapya tena. Ureno nayo ilianza 2009 kuwavutia wastaafu wa nje kwa kutowatoza ushuru wa pensheni zao. 2020 ikaweka asilimia 10. 2024 ikawafungia mlango wapya. Thailand, tangu Januari 2024, imeanza kutoza pesa za nje ambazo mkaazi wake anaziingiza nchini. Na Waingereza wenyewe je? Walizoea kwenda kuota jua Hispania kama sisi tunavyokwenda Naivasha, mpaka nchi yao ilipojitoa Umoja wa Ulaya, na tangu Januari 2021 asiye na kibali haruhusiwi kupitisha siku 90 katika kila siku 180.

Sizilaumu nchi hizo. Ni zao. Na mtu yeyote aliyepangisha nyumba Lisbon anaweza kukueleza kwa nini wenyeji walichoka. Ninachosema ni kwamba orodha ya mwaka huu ni picha ya leo, na Mjomba anataka kuitumia kwa miaka ishirini na tano.

Hata sisi tunaopokea tuna malango yetu. Malindi imejaa Waitaliano tangu wahandisi wao walipoweka kituo cha kurushia setilaiti pale Ngomeni miaka ya 1960 (setilaiti yao ya kwanza kutoka hapo iliruka 1967, siku moja nitaandika habari zake, ni tamu). Mgeni anayetaka kuzeekea hapa bila kufanya kazi huomba kibali cha daraja la K: awe na umri usiopungua miaka 35 na mapato ya uhakika ya dola 24,000 kwa mwaka. Ardhi, kwa Katiba ya 2010, atapangishiwa tu, miaka isiyozidi 99. Sasa cheka kidogo. Mjomba alichukua uraia wa Uingereza 1999, wakati sheria yetu ilikuwa haikubali uraia mbili. Siku ile ile akaacha kuwa Mkenya. Katiba ya 2010 inamruhusu kuurudisha kwa kuomba, lakini hajawahi kuomba. Mtu aliyezaliwa Taveta, kwa karatasi alizo nazo leo, akishuka Moi ni mgeni sawa na yule Mtaliano wa Malindi! Katika lahajedwali, safu ya viza ya Kenya kaipa 6. Kwa Mjomba mwenye fomu iliyojazwa ingekuwa 10, na kwa Mjomba huyu wa sasa ni swali.

Wasomaji wengi mtasema haya ni ya watu wa pauni. Kweli, na hapo ndipo hasira yangu inapozidi, kwa sababu orodha hizi zinadhani kila asomaye analipwa kwa sarafu ngumu. Mimi kazi yangu ni programu za mishahara, naona makato ya uzeeni ya watu kila mwezi, na yote ni ya shilingi. Mwanzo wa 2020 dola ilikuwa shilingi 100 na kitu. Januari 2024 ikafika karibu 160, kisha ikarudi karibu 130. Ukiwa umepanga kuzeekea Panama, ambako wanadai pensheni ya maisha ya dola 1,000 kwa mwezi, mpango wako ulikufa na kufufuka ukiwa umeketi kwako Umoja hujafanya lolote. Na Panama wanataka pensheni ya kila mwezi, siyo mafao uliyochukua kwa mkupuo ukajengea ploti. Alama ya "gharama nafuu" haisemi nafuu kwa mfuko upi.

Turudi kwa hospitali, maana hapa Mjomba alinishangaza, yeye aliyezifanyia kazi maisha yake yote. Orodha hizi humpima mtu wa miaka 62 anayecheza gofu. Zinamwuliza kama daktari ni bei poa. Hazimfikirii yule yule akiwa na 81, nyonga imevunjika, saa nane usiku. Kwa haki niseme: nchi za Umoja wa Ulaya zina faida halisi hapa. Mpokeaji pensheni wa Uingereza akihamia huko anaweza kupata hati iitwayo S1, akatibiwa kama mwenyeji na Uingereza ikalipa. Hati hiyo haifanyi kazi Mombasa wala Manila. Huku kwetu SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kampuni nyingi za bima zina kikomo cha umri wa kumpokea mteja mpya. Kwa hiyo lango la hospitali linaipendelea Ureno, nami nakubali.

Lakini ni Mjomba huyu huyu aliyenisimulia, miaka mingi nyuma, habari za mzee wa Kipolandi wodini kwake. Alikuwa Uingereza tangu ujana, Kiingereza safi. Kumbukumbu ilipoanza kumtoka, Kiingereza kilitangulia kuondoka. Mwisho alikuwa anaomba maji kwa Kipolandi na hakuna mtu wodini aliyejua anaomba nini, wakamwandika kuwa ni msumbufu. Mjomba alijifunza neno la Kipolandi la maji kwa ajili yake. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake, leo anaipa Ureno 8 katika safu ya lugha, kwa sababu tovuti imesema wahudumu wa hoteli huongea Kiingereza vizuri. Akifika hali ya yule mzee atakuwa anaomba maji kwa Kitaita. Anti ataomba kwa Kisebuano.

Kwa hivyo ukiziondoa zile nchi tisa kumi zilizoingia kwa ajili ya jua, wanabaki na mbili, zote mbili za chini kabisa katika jedwali lake. Ufilipino nyongeza ya pensheni itawafuata, na Anti akiurudisha uraia wake, jambo ambalo sheria yao ya 2003 inaruhusu, wataweza kumiliki ardhi kwa jina lake, kwa sababu Mjomba akiwa mgeni hawezi. Kenya pensheni inaganda, bima ni mtihani, na kuna sisi: wapwa kumi na mmoja, gari la kumpeleka hospitali, na lugha yake. Upande wowote watakaochagua, mmoja wao atazeekea kwa wenzake. Hakuna uzito wa safu utakaoliondoa hilo.

Nami nina upande, nisijifanye mwamuzi. Namtaka Taveta. Lakini ukimwambia mtu "rudi nyumbani" bila kumwambia kwamba pauni alizoanza nazo ndizo atakazokufa nazo, utakuwa humpendi, unamtaka tu. Kwa hiyo badala ya programu nilimwandikia kurasa mbili: ajaze fomu ya uraia sasa kabla ya lolote, aulize bima kabla hajauza nyumba, apige hesabu ya bajeti yake kwa pensheni ile ile isiyosogea miaka ishirini, na wakakae miezi minne kila upande, tena msimu wa mvua, siyo Desemba watu wakiwa wamechinja mbuzi. Mwisho nikauliza zile alama za kila safu aliziweka nani kati yao.

Hajajibu. Aliyenipigia simu ni Anti, Jumatatu usiku, akitaka nimtumie hiyo lahajedwali kwa sababu ndiyo kwanza anasikia ipo.

Sehemu ya pili ya nakala za data ni wiki ijayo, Mungu akipenda.