Mtaa si Cheo

Kila mwaka vijana wengi humaliza vyuo na kuajiriwa katika Jiji la Dar es Salaam. Wamo walimu, wauguzi, makarani, wahasibu na maofisa wa halmashauri. Wengi wao hawajaoa wala kuolewa, na wengi wametoka mikoani. Jambo la kwanza linalowakabili, hata kabla ya kupokea mshahara wa kwanza, ni mahali pa kuishi. Jambo hili huchukuliwa kuwa dogo na la mtu binafsi. Sisi tunaamini kwamba ni jambo la Taifa, kwa sababu mtumishi anayefika kazini amechoka, na ambaye mawazo yake yote yamo katika madeni, hawezi kuwatumikia wananchi ipasavyo.

Zamani mtumishi wa Serikali aliyehamishiwa mjini aliweza kutumaini kupewa kota kulingana na cheo chake. Matumaini hayo leo ni haba. Watumishi wameongezeka mno, na nyumba nyingi za Serikali ziliuzwa kwa watumishi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kijana mgeni hana budi kuingia mitaani pamoja na umma huo wote, akiongozwa na dalali, na kutafuta chumba cha kupanga.

Hapo ndipo baadhi ya vijana wetu wanapopotoka. Badala ya kuuliza chumba kiko umbali gani na kazi, huuliza mtaa una jina gani. Wako radhi kubanana katika banda la uani Mikocheni, au kulipa zaidi ya uwezo wao Sinza, ili wakiulizwa wanakoishi wajibu bila haya. Kutaja Mbagala, Buguruni au Manzese huwawia vigumu, kana kwamba mtu hupimwa kwa barabara inayopita mbele ya mlango wake.

Kasumba hii ina asili yake, na si sisi tuliyoianzisha. Wajerumani walioufanya mji huu kuwa makao makuu ya utawala wao mwaka 1891, na Waingereza waliowafuata, waliugawa mji kwa masharti ya ujenzi ambayo kwa kweli yalikuwa ukuta wa rangi. Wazungu walikaa penye upepo wa bahari kama Oysterbay, Wahindi walikaa katikati penye maduka, na Waafrika waliachiwa Kariakoo na Ilala. Ndiyo asili ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Hata jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Baada ya Uhuru, Taifa lilifanya juhudi kubwa ya kuuvunja mgawanyiko huo. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Katika miaka ya 1970 ulitekelezwa mpango wa viwanja na huduma, ambao kwa huo Sinza na Kijitonyama zilipimwa, na Manzese ikawekewa barabara na maji badala ya kubomolewa. Viwanja vile vya Sinza vilikusudiwa mwananchi wa kipato cha chini. Kijana anayeitaja Sinza leo kwa majivuno anajivunia mtaa uliopimwa kwa ajili ya mtu ambaye yeye haoni fahari kukaa naye.

Tuangalie sasa gharama ya kuchagua jina. Tuchukue mfano wa chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita, na dalali akidai kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, kijana anatakiwa kutoa shilingi 700,000 kabla hajanunua godoro, ndoo wala jiko. Chumba kikiwa cha shilingi 200,000, fedha hizo huwa shilingi 1,400,000. Mwalimu aliyeanza kazi juzi atazipata wapi? Wengi hukimbilia kwa wakopeshaji wa mitaani, wenye ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Wapo wanaoikabidhi hata kadi ya benki, na mshahara huchukuliwa na mwingine kabla mwenyewe hajauona. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Kodi inayohitaji mkopo kila inapofika ni dalili kwamba mkono haufiki.

Gharama ya pili ni muda. Mwalimu anayefundisha Chanika na kung'ang'ania kupanga Sinza huamka usiku wa manane, hubadili magari, na hurudi gizani. Akitumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kwa wiki ya siku tano amepoteza saa 20 barabarani. Hizo ni siku mbili na nusu za kazi. Ndizo saa ambazo angesahihisha madaftari, angeandaa masomo, angejiendeleza au angepumzika. Wanaoumia kwa uchaguzi wake ni pamoja na watoto wa Chanika wanaomsubiri darasani.

Kwa hiyo mwito wetu kwa kijana ni kwamba aanze na kituo chake cha kazi, kisha aifuate barabara inayokihudumia. Anayefanya kazi Posta anaweza kukaa Ilala, Keko au Magomeni. Asipopata, ipo Kimara, ambayo tangu mwaka 2016 imeunganishwa na Kivukoni kwa mabasi yaendayo haraka. Anayefanya kazi Mbagala akae Mbagala.

Akishapata mtaa, asilipe kabla ya kukikagua chumba mwenyewe. Aende mchana, na aende tena usiku, aone kama njia ya kutoka kituoni ina taa na watu. Awaulize wapangaji, si dalali, maji hutoka siku zipi. Aulize kama mita ya LUKU ni ya chumba kimoja au ya nyumba nzima, maana ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia kwenye umeme. Na aulize maji ya mvua hupita wapi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwaacha wengi bila makao katika bonde la Msimbazi, hata baadhi wakahamishiwa Mabwepande. Kodi ya bondeni huwa rahisi wakati wa kiangazi tu.

Jambo ambalo kijana asiye na familia hulisahau ni majirani. Mtu anayeishi peke yake akishikwa na homa usiku hana wa kumwita ila mtu wa chumba cha pili. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma ina kelele zake na foleni yake ya choo, lakini mtu hawezi kuugua humo siku tatu asijulikane. Katika baadhi ya mitaa yenye kuta ndefu jambo hilo lawezekana. Hatusemi kila mtu akae ukumbini. Tunasema kwamba mpangaji mpya ajitambulishe kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa Serikali ya mtaa, ahudhurie mikutano na misiba, na ajue majina ya watu anaochangia nao kisima.

Lakini tungekuwa hatutendi haki kama tungewahimiza vijana peke yao. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Sharti hilo lililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti pango ilikwisha kufutwa. Leo wenye nyumba wengi ni watumishi na walimu, wafanyakazi waliojibana wakajenga vyumba vitatu au vinne ili viwasaidie uzeeni. Hatuwalaumu kwa kujenga. Tunawauliza ndugu hao kama wamesahau siku walipofika mjini na sanduku moja. Mwalimu Mkuu anayelalamika kwamba walimu wake vijana huchelewa, naye nyumbani kwake anadai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, ajue kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Mfanyakazi hulipwa kwa mwezi. Kodi ya mwezi mmoja au mitatu, kwa mkataba wa maandishi na stakabadhi, haimfilisi mwenye nyumba.

Tunakemea pia tabia ya kuwakatalia vyumba watu wasio na ndoa. Msichana aliyeajiriwa kwa elimu yake huulizwa mume wake yuko wapi, kisha hufungiwa mlango au huwekewa masharti ambayo mpangaji mwingine hawekewi. Kijana wa kiume naye huhesabiwa kuwa mhuni kabla hajatenda kosa. Mwenye nyumba ana haki ya kudai utulivu na kodi kwa wakati. Akipata hayo, ndoa ya mpangaji haimhusu.

Waajiri nao wana wajibu. Halmashauri inayomwajiri mwalimu mpya impangie shule mapema na imlipe haki zake za kuanzia kazi kwa wakati, ili asiingie mjini kwa mkopo. Shirika la Nyumba la Taifa likumbuke kwamba mfanyakazi mmoja anayehitaji chumba kimoja ni mwananchi kamili. Wenyeviti wa mitaa wawasaidie wageni kupata vyumba pasipo ulanguzi wa madalali.

Kijana anayeanza kazi hana deni la kumwonyesha mtu yeyote mtaa mzuri. Deni alilo nalo ni kwa wananchi waliomsomesha, na hulilipa kila asubuhi anapofika kazini mapema, akili yake ikiwa imetulia. Achague makazi yatakayomwezesha kulilipa.