Bibi Bado Yupo



Nimekuwa kimya siku nyingi, msinilaumu, zamu za usiku zinanimaliza. Leo nina la kusema.

Juzi nilipopiga simu Tanga, mmoja wenu (simtaji!) aliniambia, "Usijisumbue kuongea na Bibi, siku hizi hamna kitu mle kichwani." Nilinyamaza, lakini neno lile limenikaa moyoni.

Hapa Oxford kazi yangu ni kutunza wazee wenye ugonjwa huo huo wa kusahau. Nikipata nafasi nasoma falsafa, na huko nimekuta watu wanabishana kuhusu akili tangu zamani. Descartes, mwaka 1641, alisema akili ni kitu kimoja na mwili ni kingine. Gilbert Ryle, aliyekuwa profesa papa hapa Oxford, akamcheka katika kitabu chake cha 1949: hakuna mzimu ndani ya mashine. Ukisema mtu ana akili, unazungumzia anavyotenda na anavyoweza kutenda. Mwaka 1956 U. T. Place akaja na lake: kuhisi ni shughuli ya ubongo, basi uchunguzwe ubongo.

Siwapingi moja kwa moja. Kazini nasi huandika kila siku mzee kala nini, kalala saa ngapi, kajibu au hakujibu. Picha za ubongo nazo zinawasaidia sana madaktari. Lakini yote hayo ni kutazama kwa nje. Mwaka 1974 Thomas Nagel aliuliza: kuwa popo kukoje, kwa popo mwenyewe? Hata ukijua yote kuhusu masikio na mabawa yake, swali hilo linabaki. Mimi niko upande wa Nagel.

Kuna mzee ninayemtunza, sijawahi kumsikia akisema neno. Kwenye fomu naandika "hakujibu". Lakini nikimwimbia, hunibana kidole. Anahisi nini? Siwezi kujua. Ndiyo maana sithubutu kusema hahisi.

Basi ndugu zangu, kumtazama Bibi kwa nje kunatuonyesha alichopoteza. Hakutupi ruhusa ya kusema hayupo. Mkiingia kwake pigeni hodi. Mwamkieni shikamoo, hata asipoitikia marahaba. Msimjadili mbele yake kama kiti.

Jumapili nitapiga tena. Anayebisha tutabishana, ila kwanza amwekee Bibi simu sikioni.