Kiti Kisichokuwa na Sheria

Waliopita shuleni wengi wetu tulifundishwa kwamba Dola ya Kirumi iliangushwa na makabila ya kishenzi yaliyomiminika kutoka kaskazini. Ni picha iliyo rahisi kukumbuka: malango yamevunjwa, mji unateketea, watu wanakimbia huku na huko. Haikosi ukweli ndani yake. Hata hivyo hailijibu swali lililo kubwa, kwa maana maadui wa nje Roma ilikuwa nao tangu siku zake za kwanza. Ilikuwaje basi mapigo ambayo hapo kale iliyastahimili yakaja baadaye kuiua?

Na tulinganishe siku mbili. Tarehe 2 Agosti mwaka 216 K.K., huko Cannae kusini mwa Italia, Hannibal wa Carthage alilizunguka jeshi la Kirumi akaliangamiza. Mwandishi Livy anataja waliouawa wapatao 48,000. Polybius anataja wengi zaidi ya hao. Karibu kila nyumba mjini Roma ilikuwa na msiba. Lakini Seneti ilikataa hata kumpokea mjumbe wa Hannibal aliyekuja kuzungumzia amani. Konsuli Varro, aliyenusurika katika maafa yale, aliporudi alilakiwa na umati wa watu, akashukuriwa kwa kutoikatia tamaa Jamhuri. Dola ilinunua watumwa wapatao 8,000 kutoka kwa mabwana zao, ikawapa silaha, nao wakaja kupata uhuru wao. Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 202 K.K., Hannibal alishindwa katika ardhi ya kwao Afrika.

Siku ya pili ni tarehe 9 Agosti mwaka 378 B.K., karibu na Hadrianopolis, mji ambao leo huitwa Edirne nchini Uturuki. Wagothi waliliua jeshi la Kirumi lipatalo theluthi mbili, na Kaizari Valens pamoja nalo. Dola ya wakati huo ilienea kutoka Uingereza hadi Misri, na utajiri wake usingeweza kufananishwa na ule wa mji mmoja na washirika wake katika siku za Hannibal. Lakini safari hii haikuinuka. Mwaka 382 ililazimika kuwapa Wagothi makao ndani ya mipaka yake, wakiwa na viongozi wao na silaha zao. Mwaka 410, chini ya Alaric, waliingia mjini Roma wakapora kwa siku tatu.

Roma maskini iliinuka baada ya Cannae. Roma tajiri ikashindwa kuinuka baada ya Hadrianopolis. Hapo ndipo penye fumbo.

Hatusemi kwamba Jamhuri ya kale ilikuwa pepo. Wanawake hawakupiga kura, watumwa hawakuwa na haki yoyote, na uchaguzi wa makonsuli ulipangwa hivi kwamba kura ya tajiri ilikuwa na uzito kuliko ya maskini. Lakini palikuwa na jambo moja ambalo kila mtu alilijua: madaraka yana mwisho. Makonsuli walikuwa wawili, kila mmoja aliweza kumzuia mwenzake, na mwaka ukiisha walivua mamlaka wakawa raia. Aliyeanguka Cannae alikuwa na mrithi kabla hajazikwa, na mrithi huyo hakuhitaji kumuua mtu ili akikalie kiti.

Jamhuri hiyo ilibomolewa na majemadari wake wenyewe, na mshindi wa mwisho, Augustus, alikuwa mjanja kupita wote waliomtangulia. Mwaka 27 K.K. alitangaza kwamba anairudisha nchi mikononi mwa Seneti na watu. Makonsuli waliendelea kuchaguliwa, Seneti ikaendelea kukutana, na hotuba zikaendelea kutolewa. Ila jeshi, hazina na majimbo yenye majeshi vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Sisi tuliosomea sheria tunapaswa kuutazama ujanja huo kwa makini, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kasoro iliyokuja kuitafuna dola kwa miaka mia nne. Kwa kuwa kiti cha mtawala wa pekee hakikukubaliwa rasmi kuwa kipo, haikuwezekana kutunga sheria ya namna ya kukirithi. Mtu hawezi kuandika kanuni za urithi wa cheo anachokana kuwa nacho.

Katika makumbusho ya Capitolini mjini Roma lipo hadi leo bamba la shaba lenye sehemu ya sheria iliyompa Kaizari Vespasian mamlaka yake, kutoka mwaka 69 au 70 B.K. Kifungu kimoja kinamruhusu kutenda lolote atakaloliona lina manufaa kwa dola. Kingine kinayahalalisha yote aliyoyatenda kabla ya sheria yenyewe kupitishwa. Imeandikwa kwa lugha safi ya kisheria, na mwandishi wake bila shaka alijivunia kazi yake. Lakini ni sheria ya kuiondoa sheria. Haisemi neno lolote juu ya jinsi ya kumwondoa mtawala akikosa, wala haisemi katika sehemu iliyobaki nani atamfuata.

Mahali sheria iliponyamaza, upanga ulisema. Mwezi wa Machi mwaka 193 walinzi wa ikulu walimuua Kaizari Pertinax, aliyekuwa hajamaliza hata miezi mitatu, kwa kuwa alijaribu kuwatia adabu. Kisha wakakipiga kiti mnada. Matajiri wawili walishindana kupandisha bei, mmoja akiwa ndani ya kambi na mwingine nje, na Didius Julianus akashinda kwa kumwahidi kila askari sesteri 25,000. Alitawala siku sitini na sita, naye akauawa. Aliyekuja na jeshi kumng'oa, Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika nchi iitwayo leo Libya, aliwafukuza walinzi wale lakini somo lao alilishika. Cassius Dio, aliyekuwa mjumbe wa Seneti wakati huo, anasimulia kwamba Severus alipokuwa akifa mwaka 211 aliwausia wanawe wapatane, wawatajirishe askari, na wasiwajali watu wengine. Kabla ya mwaka kwisha Caracalla alikuwa amemuua nduguye Geta.

Mawakili tulipata sehemu yetu katika balaa hilo. Papinian, mwanasheria mkuu kuliko wote wa zama zake, aliuawa mwaka 212. Masimulizi ya kale yanasema alikataa kuandika utetezi wa mauaji ya Geta. Mwenzake Ulpian ndiye aliyefundisha kwamba apendalo Kaizari lina nguvu ya sheria. Mwaka 223 walinzi walimfuata hadi ndani ya ikulu wakamuua, na Kaizari ambaye upendo wake ulikuwa sheria hakuweza kumwokoa.

Kati ya mwaka 235 na 284 walipita makaizari zaidi ya ishirini, na karibu wote walikufa kwa kuuawa. Kila mmoja alilazimika kuwalipa waliompandisha. Dinari ya Augustus ilikuwa ya fedha karibu tupu. Kufikia mwaka 270 hivi sarafu iliyoitwa ya fedha ilikuwa na fedha isiyofika asilimia 5. Bei zikapaa. Diocletian akajibu mwaka 301 kwa amri iliyoweka bei za juu kabisa za bidhaa zaidi ya elfu moja, na adhabu ya kifo kwa mkaidi. Bidhaa zikatoweka sokoni.

Sarafu ikishapoteza thamani, serikali hugeukia kodi ya nafaka na ya nguvu za watu. Madiwani wa miji, waliokuwa wakigombea cheo hicho kwa fahari na kujenga mabafu na kumbi kwa mali yao, waligeuzwa kuwa wakusanya kodi, na kilichopungua wakakilipa wao. Walipoanza kukimbia, sheria ikawazuia wasitoroke, na wana wao wakalazimishwa kuurithi udiwani kama mtu anavyorithi deni. Mkulima wa shamba la tajiri alifungwa kwenye ardhi aliyoilima. Sheria ya Constantine ya mwaka 332 inaruhusu anayepanga kutoroka atiwe minyororo kama mtumwa. Huyu alikuwa raia, na wazee wa wazee wake pengine ndio waliokataa kumpokea mjumbe wa Hannibal.

Ndiyo maana twasema vita vya Hadrianopolis vilikuwa vimeshindwa kabla ya kupiganwa. Hata hao Wagothi hawakuja kama maadui. Mwaka 376 walisimama ukingoni mwa Mto Danube wakiwakimbia Wahuni, wakaomba hifadhi, wakakubaliwa. Maofisa wawili, Lupicinus na Maximus, waliona hapo nafasi ya biashara. Ammianus, askari aliyeandika historia ya siku hizo, anasema waliwauzia wenye njaa nyama ya mbwa, mbwa mmoja kwa mtumwa mmoja, hata watoto wa wakubwa wao wakachukuliwa. Maasi yaliyomuua Valens yalizaliwa katika kambi hiyo.

Wapo watakaotujibu kwamba tauni iliua wengi tangu mwaka 165, kwamba Wahuni waliwasukuma wengine, na kwamba nusu ya mashariki, yenye makaizari wale wale, ilidumu hadi mwaka 1453. Hoja hizi zina uzito. Mashariki ilikuwa na Misri na Shamu, na kuta za Constantinople ambazo adui hakuzivunja kwa karne nyingi. Lakini magharibi ndiko mapigo yalikoanguka mfululizo, na huko ndiko ilikoonekana wazi kwamba dola haikuwa na wa kuitetea. Padri Salvian wa Marseille aliandika katika miaka ya 440 kwamba maskini wa Kirumi walikuwa wakihamia kwa washenzi kutafuta utu ambao hawakuupata kwa watoza kodi wao wenyewe. Mwaka 439 Wavandali walikuwa wameuteka Carthage, na pamoja nao nafaka na kodi za Afrika zilizokuwa zikiilisha Italia.

Mwaka 476 jemadari Odoacer alimwondoa madarakani kijana Romulus, Kaizari wa mwisho wa magharibi. Hakumuua. Alimpa posho ya kila mwaka akampeleka kukaa Campania. Ujumbe wa Seneti ukasafiri hadi Constantinople, ukamweleza Kaizari Zeno kwamba magharibi haihitaji tena Kaizari wake yenyewe. Mjini Roma hakuna aliyeshika silaha kupinga.