Vitu Kwanza, Kuta Baadaye

Eti makumbusho ni jengo? Mimi nakataa katakata. Sehemu ya Beit el-Ajaib kule Unguja, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka Desemba 2020 likifanyiwa ukarabati, na watu wawili wakafa. Ndani ya jumba hilo ndimo ulimowekwa mfano wa mtepe, chombo cha wazee wa pwani kilichoshonwa kwa kamba bila msumari. Jamani, chokaa ipo na waashi wapo; mshona mtepe utamtoa wapi? Basi kabla fundi hajapanda jukwaa, kila kitu kiandikwe, kifungwe, kihamishwe. Kisichopita mlangoni kijengewe kibanda imara papo hapo. Na kazi ikiisha virudi ukumbini tukavione, visiozee stoo.