Programu huria, lakini huria kwa nani?

Jamani, leo nimeudhika. Juzi nilitoka Meru kwenda Embu kuwekea shule moja Linux kwenye kompyuta za mitumba: biti 32, RAM giga 1. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Firefox nayo iliachana na Linux ya biti 32 baada ya toleo la 144.

Mtaniambia: "Msimbo upo, jijengee mwenyewe!" Kwa mashine gani? Kujenga Chromium kunataka angalau RAM giga 8 na nafasi ya giga 100 kwenye diski.

Najua wanaojitolea ni wachache. Lakini mashine kubwa inaweza kuijengea ndogo. Enyi wenye seva Nairobi, tujengeeni! Shule nimeiwekea Debian 12. Ikiacha kutunzwa, je?