Mtaa wa Wachina Usio na Baraza

Sahibu yangu mmoja aliyerejea karibuni kutoka San Francisco alinionyesha picha yake akiwa amesimama mbele ya lango la mtaa wa Wachina wa mji ule, lango lenye mapaa ya vigae vya kijani na simba wa mawe ubavuni, kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujipa jawabu, kwa nini Nairobi, iliyojengewa na Wachina reli iliyofunguliwa mwaka 2017 na barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, isiwe na lango kama lile pale Kilimani, wageni wakapata mahali pa kutembea. Sikumjibu. Jumamosi iliyofuata nilishuka matatu Ngong Road, nikapanda kwa miguu hadi Hurlingham, kisha nikaingia Kilimani kuuzuru mtaa huo usio na jina.

Kuutambua hakuhitaji jicho kali, maana palipokuwa zamani na nyumba ya chini ya mlowezi pamoja na bustani yake, sasa pamesimama ghorofa ndefu, na juu ya mageti mna mabango ya herufi za Kichina ambayo aghalabu hayana neno moja la Kiswahili. Walakini kila kitu ki ndani ya ukuta. Nilipofika kwenye duka moja la vyakula, askari alinitolea daftari nijaze jina, nambari ya kitambulisho, saa na sababu ya kuja, nikaandika, “Chai.” Aliitazama ile kalamu yake nilivyoishika, akacheka, akasema, “Haya mzee, pita.” Mle ndani mlikuwa na tambi za namna sijui ngapi, uyoga mkavu, mchuzi wa soya kwa madebe, na binti wa Kikenya kwenye meza ya malipo akimhesabia bibi mmoja chenji kwa Kichina, bila ya kubabaika.

Nje, chini ya ukuta ule ule, mama mboga alikuwa ametandika gunia na kupanga kabichi za Kichina, zile zenye shina jeupe na majani ya kijani mfano wa kijiko. Alizichambua mbele yangu, akizitenga zilizokwisha kufungua majani. “Hawa wanapenda ndogo ndogo,” akaniambia, “kubwa zinabaki.” Katika mtaa mzima nilioutembea, ni gunia lile peke yake ambapo Mchina na Mkenya walikutana pasipo daftari.

Sasa nimrudie sahibu yangu. Lango alilopigia picha ni la mwaka 1970, ilhali mtaa wenyewe ulikuwapo zaidi ya karne moja kabla yake, nao haukuzaliwa kwa mapenzi: Marekani ilipitisha mwaka 1882 sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie, isiifute mpaka 1943, na tetemeko la mwaka 1906 lilipoubomoa mtaa ule, wakubwa wa mji walitaka kuwahamishia Wachina pembezoni, hapo ndipo wafanyabiashara wa Kichina walipojenga upya kwa haraka, wakitia mapaa ya kupinda na mapambo, ili watalii wavutike na mtaa uwe na thamani ya kutobomolewa. Basi uzuri ule ulikuwa ngao.

Na sisi Nairobi tunaijua hadithi ya namna hiyo. Mji huu uligawanywa kwa rangi, Wazungu magharibi penye vilima na hewa, Waafrika mashariki, na Wahindi katikati yao. Na hao Wahindi, wakiwa wamezuiliwa kumiliki ardhi ya nyanda za juu, walisongamana madukani, wakatuachia Biashara Street, ambayo zamani iliitwa Bazaar Street. Dhulma iliyowasonga siisifu. Nausifu mlango: duka la kanga pale limefunguka juu ya njia, na mpita njia hushika kitambaa, akauliza bei, akaenda zake, wala hakuna aliyemwandika jina.

Mimi ni mtu wa pwani, na kwetu bakuli za kaure za Kichina zilipangwa katika zidaka za nyumba za mawe, na nyingine zikatiwa katika nguzo ya kaburi pale Mambrui, na twiga wa Malindi akafika kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415. Ugeni, basi, haupo. Lililopo ni ukuta, na ukuta huo si wa Wachina, kwani waliukuta Kilimani wakaurithi pamoja na kiwanja, kama tulivyourithi sisi wenyewe. Hata hivyo ukuta una tabia ya kumfundisha aliye ndani: mwaka 2015 mkahawa mmoja wa Kichina wa huko huko ulishutumiwa kuwa unawakataza Waafrika baada ya saa kumi na moja jioni, mji ukachafuka, mkahawa ukafungwa, na ukuta ukabaki umesimama.

Kwa hiyo lango silitaki. Nawaomba wakuu wa Kaunti, kabla ya kupitisha ramani ya ghorofa nyingine Kilimani, wamtake mwenye kiwanja, awe Mchina au Mkenya, aweke maduka yake upande wa njia, mlango wazi, na kibaraza cha mawe ambapo yule mama ataweza kuweka gunia lake.