Mambo ya Nyumbani: Pete ya Uchumba Yataka Siku Ngapi?

Mwezi huu twataka kunena habari ya pete ya uchumba, maana vijana wa Kizimkazi, wa Mkunguni na wa Dimbani pia, hutuuliza: "Nikienda kwa sonara leo, nitamvisha mchumba wangu lini?" Wengi hudhani ni kazi ya siku tatu. Jibu letu ni hili: kazi ya mikono ni siku chache, bali pete iliyofanywa kwa kipimo na shauri la mwenyewe mara nyingi yataka majuma manne hata manane. Basi mwenye busara huihesabu siku ya posa, akarudi nyuma majuma hayo, na siku hiyo ndiyo aendayo mjini.

Na tuitazame kwanza kazi yenyewe. Jina la sonara lilitujia kutoka Bara Hindi pamoja na mafundi wake, ambao walikuwa na maduka katika Mji Mkongwe tangu zamani za masultani. Njia yao ya asili ni hii. Fundi huyeyusha dhahabu katika chungu kidogo, na dhahabu safi haiyeyuki mpaka moto ufike digrii 1064. Huimimina katika kalibu, huifua kwa nyundo, na kila inapokuwa ngumu huirudisha motoni ilainike. Kisha huikunja, huitia lehemu pale ncha zinapokutana, huipiga tupa na kuing'arisha. Pete isiyo na kito, fundi hodari aweza kuimaliza kwa siku moja au mbili.

Njia ya pili ni ya nta. Mfano wa pete huchongwa kwa nta, na siku hizi mara nyingi huchorwa katika kompyuta na kutolewa na mashine. Mfano ule huzungushiwa plasta, na plasta ikikauka hutiwa katika tanuri saa nyingi, aghalabu usiku kucha. Nta huteketea, ikaacha nafasi tupu, na dhahabu humiminwa mahali pake. Hata hapo juma moja halijatimia. Basi majuma mengine huenda wapi?

Kwanza, huenda katika shauri. Watu wa pwani twapenda dhahabu ya karati 22, yaani sehemu 22 za dhahabu katika 24, kwa ajili ya rangi yake. Lakini ni laini, na kucha zishikazo kito hupinda upesi. Karati 18, ambayo robo tatu yake ni dhahabu na iliyosalia ni madini mengine kama fedha na shaba, hushika kito vema zaidi. Na mtu akileta bangili ya zamani iyeyushwe, yapasa kwanza ipimwe usafi wake, maana lehemu ya kale huishusha karati.

Pili, huenda katika kutafuta kito. Wengi sasa wataka tanzanaiti, kito cha buluu kilichojulikana mwaka 1967 huko Mererani, upande wa Arusha, wala hakichimbwi mahali pengine duniani. Hakuna viwili vilivyo sawa kwa rangi na umbo. Yabidi kichaguliwe, kikatwe, kivushwe bahari, ndipo fundi akipime na kukifanyia kiti chake. Fundi mwenye akili haanzi kiti cha kito asichokiona.

Tatu, kidole. Kidole cha mtu si kimoja mchana kutwa: huvimba kwa joto la kaskazi, hupungua kwa baridi ya kipupwe. Kipimeni mara mbili, asubuhi na jioni, kwa pete za kupimia za sonara, wala si kwa uzi.

Nne, zamu. Hapa kwetu Unguja watu hawaozi katika Ramadhani, kwa hiyo harusi husongamana kabla yake na baada ya Idi. Aendaye kwa sonara wakati huo hukuta kazi za watu wengi mbele yake.

Twajua kijana mmoja, mvuvi, aliyepewa bangili na mama yake aifanye pete yenye tanzanaiti. Alikwenda mjini zikiwa zimebaki siku kumi na mbili, akasihi, akaongeza fedha, na fundi akakubali. Pete ilikuja jioni ya kuamkia posa, nayo haikupita fundo la kidole. Ikarudishwa mbio ipanuliwe. Kwa haraka, pete ilipelekwa motoni na kito kikiwa ndani, na tanzanaiti haistahimili moto wa ghafula. Kikapasuka. Mama yule hakusema neno, lakini bangili ile ilikuwa ya mama yake naye.

Wazee wakaenda mikono mitupu, kijana akiinamisha uso. Mjomba wa binti alipoyasikia mambo, akasema: "Sisi tumelipokea neno la wazee wako, hatukungoja jiwe." Posa ikakubaliwa siku ile ile. Pete ilifanywa upya kwa utulivu, kwa majuma saba, na binti yu nayo mpaka leo.

Mambo mawili twajifunza hapo. La kwanza: posa ni maneno ya watu wawili na jamaa zao, haifungwi na sonara. Wala msidanganywe na kauli ya kwamba pete sharti ile mshahara wa miezi miwili. Hiyo ilienezwa na matangazo ya wauza almasi wa ng'ambo katika karne ya 20, si mila ya wazee wetu. La pili: ukiitaka pete iliyo ya mtu mmoja tu, uipe muda wake. Toa juma moja kwa shauri, mawili au matatu kwa kito, mawili kwa kazi, na moja la mwisho kwa kusahihisha. Juma hili la mwisho ndilo wengi wanaloliacha, nalo ndilo lililompotea yule mvuvi.

Tena, dhahabu yako ipimwe mizani mbele ya macho yako, na uzito, karati, bei na siku ya kuchukua viandikwe katika karatasi yenye sahihi ya fundi. Hilo si kumdhania mtu vibaya. Huwalinda wote wawili. Na pete ikihitaji kupanuliwa, uliza kwanza kama kito kitatolewa.

Pale Dimbani, katika ukuta wa kibla wa msikiti wa kale, yamo maandiko ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe mwaka 1107. Siku walizochukua mafundi wale hakuna aulizaye leo. Watu waja kuyatazama maandiko. Na pete vivyo hivyo: majuma ya kungoja husahauliwa upesi, bali kazi mbaya huonekana kidoleni kila siku. Kwa mwezi huu na tuishie hapa. Kwaherini.